Sabuni ya Tisa

Kovu ni danganya toto. Ngozi hujifunga juu, ikang'aa, na kila anayeitazama husema, "Afadhali, umepona." Mwenye kovu lake hunyamaza. Yeye ndiye anayejua kwamba baridi ikipiga, chini ya ngozi ile kuna kitu kinachoamka na kuuma upya. Ndiyo maana wahenga walitukanya kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu akianza kula, kucheka na kwenda kazini, usikimbilie kutangaza kwamba maumivu yake yamekwisha, kwani jicho lako linaishia kwenye ngozi tu.

Mwanamke wa hadithi hii hakuhitaji kufundishwa hayo. Alikuwa na kovu lake mwenyewe, refu, kwenye mkono wa kulia, alilopewa na pasi ya hospitali mwaka wake wa kwanza wa kazi. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita na bado hakuweza kuvaa bangili mkono ule. Alifua mashuka ya wodi zote, na watu wote, tangu daktari mkuu hadi mlinzi wa getini, walimwita Dobi. Damu, iodini, dawa ya kikohozi, hakuna doa lililompiga chenga. "Nipe siku moja tu," alizoea kusema, "na hutajua kama palikuwa na kitu." Alikuwa na haki ya kujivuna, maana kazi aliijua. Majivuno hayohayo ndiyo yaliyokuja kumponza.

Dobi alikuwa na mdogo mmoja tu wa tumbo moja, mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu huyu na mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, walingoja mtoto miaka minane, na alipokuja alikuja na maneno yake. Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakunyamaza, hata wakamwita Kengele. Maswali yake hayakuwa na mlango wala dirisha. Siku moja alimfuata Dobi kwenye kamba ya nguo akamuuliza, "Mama mkubwa, shuka la mgonjwa likifuliwa, ugonjwa unaenda wapi?" Dobi, bingwa wa madoa, alibaki ameshika vibanio mdomoni.

Kengele alipofika miaka sita na miezi minne alishikwa na homa siku ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi nyumba ile ilikuwa kimya.

Mwalimu hakulia mazikoni. Waombolezaji walimsifu kwa moyo wake wa chuma, wakaenda zao. Walipokwisha kwenda alilala, akageukia ukuta, na ukuta ndio ukawa mwenzake. Chakula kilipelekwa kikarudi kama kilivyokwenda. Alikonda akabaki macho. Mumewe alivumilia wiki tatu, kisha akarudi barabarani, kwa sababu barabara haimuulizi mtu habari za mwanawe. Siku moja Dobi alipokuwa akimchana nywele, Mwalimu alisema polepole, kama anayeomba maji, "Dada, mimi kesho siitaki. Wakinipa, waambie sina pa kuiweka."

Chanuo lilimponyoka Dobi. Siku ileile alihamia kwa mdogo wake na mkoba mmoja wa nguo, akaapa kwamba hatatoka mpaka mdogo wake aitake kesho tena.

Hospitalini palikuwa na mshauri, mama mmoja mpole aliyekuwa na chumba kidogo karibu na duka la dawa. Dobi alimwendea akamweleza yote. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtafutie kazi ya mikono," alisema. "Iwe kazi ya kumshughulisha akili, yenye harufu nzuri, na yenye kungojewa. Mtu anayengojea kitu analazimika kuwepo siku kitakapofika."

Dobi aliwaza njia nzima. Harufu nzuri, mikono, kungoja. Mwisho akakumbuka kwamba zamani, kabla hospitali haijaanza kununua sabuni ya unga, wafuaji walikuwa wakijitengenezea wenyewe. Akamtafuta karani wa stoo, akapewa karatasi yenye maelekezo ya sabuni ya maziwa ya mbuzi, iliyoandikwa kwa mkono na kuchakaa mikunjo. Maziwa hayakuwa na shida. Nyumba ya nne kutoka pale aliishi mfugaji aliyeitwa Mzee Ndevu, mtu aliyefanana na beberu lake hivi kwamba watoto walibishana nani kamuiga mwenzake.

Sabuni ya maziwa ya mbuzi haitaki pupa. Kwanza maziwa hugandishwa yawe barafu, kwa sababu kostiki, zile chembe nyeupe zinazogeuza mafuta kuwa sabuni, huchemka zikigusa majimaji, na maziwa yasiyogandishwa huungua papo hapo. Kostiki hunyunyizwa juu ya barafu kijiko kwa kijiko, glavu mikononi, dirisha wazi. Barafu ikiyeyuka, mchanganyiko hutiwa kwenye mafuta ya nazi na mawese yaliyopashwa moto kidogo, hukorogwa mpaka mwiko uache njia yake juu, na hapo ndipo manukato yanapotiwa. Humiminwa kwenye kisanduku cha mbao, hufunikwa blanketi kuukuu, hukatwa vipande kesho yake, halafu hupangwa rafuni wiki sita bila kuguswa.

Haya yote Dobi aliyasoma, ila mstari wa barafu aliuruka. Alikorogea jikoni peke yake huku Mwalimu ameketishwa kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa. Kostiki ilipogusa maziwa, yakafuka moshi, yakawa rangi ya chungwa, yakanuka kama nywele zilizoungua.

"Maziwa yameungua," Mwalimu alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku tano. Akanyoosha mkono, akachukua ile karatasi, akaisoma kama anavyosoma daftari la mwanafunzi mzembe. "Dada, imeandikwa yagandishwe. Wewe huwa husomi mpaka mwisho." Kesho yake asubuhi aliuliza kama Mzee Ndevu ameleta maziwa. Dobi alijifungia chooni akalia kwa furaha.

Sabuni iliyofuata ilikubali. Ilitiwa mchaichai, ikatoka nyeupe, laini, ya kupendeza. Siku ya tatu baada ya kukatwa, Dobi uvumilivu ulimshinda. Alichukua kipande kutoka rafuni, akakigonga mezani, kikalia ko! Akaenda kunawia. Haikupita dakika, viganja vikaanza kuwasha, na kwenye kovu lake akahisi ile pasi ya miaka kumi na tisa imerudi.

"Uuwi! Nakufa!"

Mwalimu alikuja mbio, akamvuta mkono chini ya bomba na kuushikilia pale.

"Nani kakwambia imeiva?"

"Ni ngumu tayari! Nimeigonga imelia!"

"Ugumu wa nje huo. Ndani kostiki bado kali. Hii inakauka juu kwanza, ndani baadaye sana. Ukiipima kwa ganda lake, lazima ikuunguze."

"Haya basi, na wewe jikaze kisabuni, mdogo wangu," Dobi alitania huku akipuliza viganja, "ila mimi usije ukaniunguza."

Mwalimu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, lakini kilikuwa kicheko. Dobi alikwenda nacho kazini, akakisimulia chumba kizima cha kupigia pasi. Somo lenyewe aliliacha kwenye sinki.

Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili Mwalimu alitengeneza sabuni, na kila sabuni aliipa namba. Ya pili aliitia asumini, ya tatu karafuu kidogo na asali, ya nne vanila. Nyumba ilianza kunukia tangu barazani. Majirani waligawiwa vipande vilivyokomaa, Mzee Ndevu naye akapewa, na inasemekana hata beberu lilioshwa. Mwalimu alianza kula. Alichana nywele mwenyewe. Mwezi wa tano alirudi darasani.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Dobi hakulielewa. Kwenye rafu ya sabuni, nyuma kabisa, palikuwa na kopo la bluu la biskuti. Kila wakati wa kutia manukato ulipofika, Mwalimu alilishusha, akalifungua kidogo, akazamisha pua ndani, akafumba macho. Kisha alifunika haraka, akatia tone moja la hiki, matone mawili ya kile, akanusa mwiko, akatikisa kichwa.

"Humo mna nini?" Dobi aliuliza siku moja.

"Kipimo changu."

"Kipimo cha nini?"

"Cha harufu. Kuna moja naitafuta. Usilifungue, Dada, nakuomba. Likifunguliwa sana inapungua."

Dobi alidhani ni manukato fulani ya bei mbaya. Mambo ya mafundi, akajisemea, naye akaendelea kukunja nguo.

Ikafika Jumamosi moja. Mwalimu alikuwa na kikao cha wazazi shuleni. Alivaa blauzi yake ya maua, akasimama mlangoni, akasema, "Leo nikirudi nachanganya ya tisa. Ya nane nilikaribia sana. Nadhani nimeshajua kilichokosekana." Kisha akashuka ngazi akiimba wimbo wa kuhesabu wa darasa la kwanza.

Akiimba! Dobi alibaki ameshika ufagio, machozi yanamlengalenga. Haukupita muda, shemeji yake akapiga simu kutoka njiani.

"Shemeji, mwenzangu anaendeleaje?"

"Ametoka hapa anaimba. Amepoa, shemeji. Amepoa kabisa."

Mwanamume alishusha pumzi. "Basi kesho nikifika, unaonaje tuzitoe zile nguo za mtoto? Kabati lile silipiti bila kufumba macho. Lakini sitaki azione zilivyo."

"Niachie mimi," alisema Dobi. "Atazikuta safi, zimekunjwa, hata hazitamuuma."

Alifua magauni, sare, soksi ndogo zisizo na jozi. Alitumia sabuni ya nne, maana aliona ni heshima nguo za Kengele zifuliwe kwa kazi ya mikono ya mama yake. Alipomaliza akaamua apanguse na rafu. Hapo ndipo mkono wake ulipolifikia kopo la bluu. Alikumbuka alivyoombwa. Lakini leo ni siku ya kusafisha, alijiambia, na vumbi halina heshima.

Ndani hapakuwa na manukato. Palikuwa na gauni la kulalia la njano lenye picha za bata, limekunjwa mara nne. Dobi alilitoa. Alilijua gauni lile. Ndilo alilolalia Kengele Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kolani palikuwa na doa la dawa, kwapani chumvi ya jasho. Kama mama mkubwa, alilikumbatia. Kama dobi, pua yake ilimwambia kwamba lilikuwa limeanza kuvunda. "Maskini mdogo wangu," alisema kwa sauti. "Miezi sita ameshindwa kulifua. Na mimi nipo hapa hapa, kazi yangu nini?"

Alilifua kwa mapenzi yake yote. Alilisugua kola mpaka doa likasalimu amri, akalisuuza maji matatu, akalianika katikati ya kamba, mahali penye jua zaidi. Kopo nalo alilisugua na kuliweka jua lilipige.

Mwalimu alirudi saa tisa na chupa ndogo ya mafuta ya manukato mkononi. Alifika uani, akaona nguo, akasimama. Dobi alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umemchangamka.

"Kopo liko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Lile pale, nimelisugua. Na gauni nimelifua, mdogo wangu. Doa lote limetoka. Huwezi kujua kama palikuwa na kitu."

Chupa ilianguka kwenye saruji. Mwalimu aliliendea gauni, akalishika kwa mikono miwili, akazika uso ndani yake. Akavuta pumzi. Akaligeuza ndani nje, akanusa kola, akanusa kwapa, akanusa pindo. Akaliacha, akaokota kopo, akaingiza uso humo pia. Halafu akakaa chini palepale, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto mdogo.

"Linanuka vanila," alisema.

"Ni sabuni yako mwenyewe..."

"Lilikuwa linanuka yeye, Dada. Ndicho kilichokuwa kimebaki. Sabuni zote zile nilikuwa namtafuta yeye. Natia tone, nanusa gauni, nalinganisha, nakosa, naanza upya. Ya leo ningempata. Ningeoga naye asubuhi, nikaenda naye kazini, na likiisha lile gauni harufu, mimi ningekuwa ninayo."

Dobi alichutama kando yake. "Haki ya Mungu sikujua, mdogo wangu. Nilidhani umepoa."

"Nani alikwambia nimepoa?"

Aliuliza bila hasira, kwa sauti ileile aliyoulizia siku ya sinki, na kovu la Dobi liliwaka kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Angemtaja nani? Uliomwambia ulikuwa wimbo wa kuhesabu. Kilikuwa kicheko cha mara moja na sahani iliyorudi tupu.

"Kengele aliwahi kukuuliza," Mwalimu akaendelea, "shuka likifuliwa, ugonjwa unaenda wapi. Na harufu hii je? Imeenda wapi?"

Wote wawili waliangalia mfereji mdogo wa uani. Povu la mwisho lilikuwa linakauka kwenye kingo zake. Dobi alikimbilia beseni, kana kwamba kuna kitu angekiokoa, akalikuta limefunikwa kifudifudi, safi, jinsi alivyozoea kuliacha kila amalizapo kazi. Akarudi akapiga magoti, akamkumbatia mdogo wake. Alimlilia peke yake, maana mwenziwe hakuwa na chozi.

Shemeji alifika Jumapili, akakuta nguo zimekunjwa vizuri kitandani na mkewe amegeukia ukuta. Alikaa siku mbili, akaondoka. Mzee Ndevu aliendelea kuleta maziwa kwa wiki moja, yakaganda mlangoni, akaacha. Sabuni ya tisa haikutengenezwa. Ya nane ilipotimiza wiki sita, Dobi alichukua kipande, akakipeleka chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Hii ulisema ulikaribia," alianza. "Niambie ilipungua nini. Nitaikoroga mimi. Safari hii nitasoma mpaka mwisho. Ilinukaje, mdogo wangu?"

Mwalimu aligeuka. Alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.

"Nimeanza kusahau," alisema.

Dobi alijikaza. Akachimbua kumbukumbu zake zote za kumbeba mtoto yule mgongoni, za kulala naye siku za mvua, kichwa chake kidogo kidevuni pake. "Kama penseli iliyochongwa sasa hivi," alisema kwa matumaini. "Na maziwa kidogo. Na vumbi la chaki. Si ndiyo?"

Mwalimu alitikisa kichwa.

"Hiyo ni harufu ya darasa, Dada. Watoto wote wananuka hivyo." Akaugeukia ukuta.

Dobi hajahama mpaka leo. Hulisha, huchana nywele, hulala mkekani karibu na kitanda kile, na asubuhi huenda kazini. Kazini hajivuni tena. Wiki iliyopita kulikuja kapu la nguo kutoka wodi ya watoto, na mama wa mtoto aliyefariki, mwenye nguo zile, alisimama mlangoni, wima, amevaa nadhifu, macho makavu. Binti mgeni wa kazi alikuwa ameshalivuta kapu kuelekea mashine. Dobi akamshika mkono.

"Ngoja. Lazima tumuulize kwanza." Akamgeukia yule mama. "Mama, tufue, au tukuachie kama zilivyo?"

Yule mama alitoa kishati kimoja juu ya kapu, akakifumbata kifuani, akaondoka nacho.

"Lakini, Mama Dobi," binti alinong'ona kwa mshangao, "mbona ametulia vile? Hata halii. Mimi nimedhani kwake yamekwisha."

Dobi alishusha mkono wa blauzi yake mpaka ukafunika lile kovu la pasi.

"Mwanangu," alisema, "mwenye kovu usidhani kapoa."